Magiki na burudani ya watu wazima mtaani

Najua nimepotea. Kazi ya ofisini imenibana, mteja mmoja amebadilisha mawazo mara nne, na zile makala nilizoahidi kuhusu hifadhidata bado ni rasimu. Zitakuja, msinipige mawe. Leo nataka tuongee jambo lingine ambalo limenikaa rohoni tangu Jumapili moja nilipopigiwa simu nikiwa nafua nguo.

Kwanza nieleze hicho kichwa cha habari, maana nawajua. Nikisema "burudani ya watu wazima" kuna wenzangu tayari wamefunga mlango na kupunguza sauti ya spika. Poleni. Picha za aina hiyo hapa Kenya ni kosa kuziuza au kuzisambaza, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 181 kinasema hivyo, na mimi sina mpango wa kwenda kueleza mambo ya programu mbele ya hakimu wa Makadara. Lakini hata hiyo biashara ya ng'ambo ina somo kwa mtu wa kompyuta. Wale jamaa walikuwa mstari wa mbele kupokea pesa za kadi kwenye intaneti, wakati maduka ya kawaida bado yanaogopa. Kisha YouTube ikaja mwaka 2005, na muda si mrefu zikazuka tovuti za kuiga YouTube zikitoa picha zao bure. Kampuni zilizozoea kuuza DVD zikaanza kulia. Kilichorudisha pesa kwa baadhi ya wahusika ni njia ya mtazamaji kumlipa mhusika mwenyewe moja kwa moja, kama OnlyFans iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2016. Shikilia hilo wazo kichwani, tutalirudia.

Burudani ninayoongelea mimi ni ile ya mtu mzima wa Eastlands. Mtu ametoka kazini Industrial Area kwa miguu, mgongo unauma, mfukoni ana shilingi hamsini, na anataka saa mbili za kusahau. Zamani alikuwa na pa kwenda. Aliinama, akainua pazia, akaingia kibandani kuangalia video. Hiyo ndiyo biashara ninayoiona ikikata roho, na nadhani sisi watu wa kompyuta, wale mnaotuita magiki, tuna mkono katika kifo chake. Labda pia tuna dawa.

KIBANDA

Nilikulia Kayole. Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, katikati ya muuza mkaa na mama wa chapati. Ndani kulikuwa na mabenchi kumi, televisheni ya inchi 21 iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, na deki ya kaseti. Kiingilio cha mchana kilikuwa shilingi tano, usiku kumi. Nje ubao ulioandikwa kwa chaki: LEO SAA NANE KOMANDOO, SAA KUMI KUNG-FU, SAA TATU USIKU 18. Hakuna aliyejua jina halisi la filamu. Ilitosha kujua kwamba kuna "stelingi" na kwamba stelingi hafi.

Baadaye zikaja zile zilizotiwa maneno na DJ Afro, na hapo ndipo kibanda kilipojaa hadi watu wakasimama. Kama hujawahi kumsikia, huyu jamaa huchukua filamu ya kigeni na kuizungumza juu yake kwa Kiswahili cha mtaa, akiwapa waigizaji majina ya hapa, akikuonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Tanzania walimjua Lufufu kwa kazi kama hiyo, na Uganda wana mavijei wao. Bila hao, nusu ya watu kwenye benchi hawangefuata hadithi. Kwa hiyo usiseme mtaa ulikuwa unaangalia filamu za Wamarekani. Mtaa ulikuwa unamsikiliza mtu wa mtaa.

Mwenye kibanda tulimwita Mzee, na bado namwita hivyo. Ikifika saa tatu usiku alisimama mlangoni na tochi, akaangaza nyuso moja baada ya nyingine. Ukiwa huna kitambulisho, nje. Vibanda vingine havikujali. Vilionyesha uchafu usiku wa manane na watoto wamejipenyeza, na polisi walipovamia walibeba kila kitu, hadi mabenchi. Mzee alikuwa na binti watatu na hakutaka hayo. Kwake "18" ilimaanisha filamu ya damu nyingi au ya mapenzi yenye kueleweka, na mlango ulilindwa.

Mimi nilifukuzwa sana. Siku moja badala ya kunifukuza aliniambia, "Wewe kijana, macho yako yako kwenye deki kuliko kwenye picha. Kuja." Akanionyesha jinsi ya kufungua kifuniko, kulowesha karatasi laini kwa spiriti na kusafisha kichwa cha deki bila kukikwaruza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza niliyoiona tumbo. Ukiniuliza nilisomea wapi kompyuta nitakutajia chuo, lakini ukweli ni kwamba nilianzia hapo, kwenye benchi la mbele, mkono ukinuka spiriti.

DUKA

Mwaka 2005 Mzee aliongeza duka la muvi kando ya kibanda. Alinunua kompyuta ya mtumba, Pentium III, ikiwa na mashine ya kuchoma CD, na fundi akawa mimi. Niliweka programu ya Nero, nikafukuza virusi kila wiki, na tukaanza kazi. Kwa wale vijana wa leo: filamu ilibanwa ikawa megabaiti 700 ili itoshee kwenye CD moja. DVD ilipokuja, yenye gigabaiti 4.7, tukaweza kuweka filamu sita. Ndiyo zile DVD za "sita kwa moja" mlizonunua kwa shilingi hamsini. Watu walikuja kuulizia 24, wakaulizia Prison Break, wakarudi saa kumi na mbili asubuhi hawajalala kutaka sehemu inayofuata.

Filamu zilitoka wapi? Msijifanye hamjui. Nilizishusha kwa torenti. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye ofisi fulani mjini, na usiku mashine yangu haikuzimwa. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na kasi ikawa si ya kawaida. Kilichochukua wiki kikachukua usiku mmoja. Nilikuwa nashuka matatu ya jioni nikiwa na diski kwenye begi kama mtu anayeleta nyama nyumbani. Mtaa mzima ulinipenda.

Hapa ndipo penye deni langu.

Mwaka 2010 mtu mmoja aliingia dukani, amebeba mfuko wa karatasi. Alikuwa mtayarishaji wa filamu za River Road, ile sekta tunayoiita Riverwood, ya filamu zinazopigwa kwa siku chache na kwa pesa kidogo, nyingi kwa Kikuyu, Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani. Alikuwa akizunguka maduka akiuza filamu yake mwenyewe, mkono kwa mkono. Akaangalia rafu zetu. Filamu yake ilikuwa hapo tayari, na jalada lake nilikuwa nimelipiga fotokopi mimi mwenyewe, rangi ya bluu imekuwa zambarau.

Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Aliichukua, akaigeuza, akauliza, "Hii mmeuza ngapi?"

Mzee akaniangalia. Mimi nikaangalia kompyuta. Hatukuwa na jibu. Hatukuwa tunahesabu. Tungemwambia kumi, tungemwambia mia mbili, yote yangekuwa uongo. Akatabasamu kidogo, akarudisha ile nakala kwenye rafu, akaenda zake.

Sasa sikiliza kichekesho. Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa nimejaa hasira. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kupiga hesabu za matatu, nikaiweka kwenye intaneti kwa leseni ya GPL, ichukuliwe bure. Kampuni moja ikaichukua, ikafuta jina langu, ikaanza kuiuza. Niliandika barua pepe za moto. Nikawaambia rafiki zangu kwamba hao ni wezi. Kisha nikaenda dukani jioni na kuchoma filamu ya mtu mwingine.

Sisi magiki hupenda kusema kwamba habari zinataka kuwa huru. Lakini hiyo GPL tunayojivunia, aliyoiandika Richard Stallman na kuitoa mwaka 1989, inasimama juu ya sheria ya hakimiliki. Bila hakimiliki haina meno. Inasema chukua, badilisha, gawa, ila toa na msimbo wako na usifute jina la aliyeanza. Utamaduni wetu haujawahi kuwa wa "chukua tu". Ni wa "chukua, na useme umechukua kwa nani". Nililielewa hilo kwa kazi yangu. Kwa kazi ya yule mtu sikulielewa kabisa.

KUSHUKA

Baada ya hapo mambo mnayajua. Simu za bei nafuu zikaingia. Netflix ikafika Kenya Januari 2016. Viusasa ikaja mwaka 2017 na filamu na nyimbo za hapa kwa malipo ya siku. Mafundi wakaanza kupanda milingoti ya stima Umoja, Donholm na Buruburu kuvuta nyaya za intaneti, na mtoto wa ploti jirani akawa na uwezo wa kushusha kile nilichokuwa nabeba begini. Maduka ya muvi yakaacha DVD yakawa ya kujaza flashi, kisha yakawa ya kuuza chaja na vifuniko vya simu. Machi 2020 Korona ikaingia, kafyu ikaanza, na kibanda kikafungwa. Kilipofunguliwa, benchi zilibaki nusu tupu. Siku hizi kinajaa kukiwa na mpira wa Uingereza peke yake.

Ile Jumapili nikifua, Mzee alikuwa kwenye simu. "Kijana wangu, kuja uchukue hizi mashine zako. Hapa nataka kuachia mtu wa mashine za kamari. Analipa kodi ya miezi sita mara moja."

Mimi naandika kodi za kompyuta, yeye anadaiwa kodi ya nyumba. Neno moja, lakini hiyo yake inauma zaidi.

Nilienda. Nikakuta ile Pentium III bado iko chini ya meza, imefunikwa gunia. Tukanywa chai. Nikamwomba anipe muda kidogo kabla hajampa mtu wa kamari jibu. Akacheka akasema, "Utafanya nini, utaniandikia programu?"

Naam, ndilo swali. Tungefanya nini?

WAKALIGA

Kabla hujasema haiwezekani, angalia jirani. Wakaliga ni mtaa wa kimaskini wa Kampala. Huko Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005. Watu wanaiita Wakaliwood. Alijifunza kompyuta mwenyewe, akaunganisha mashine kutoka vipuri, na bunduki za filamu zikatengenezwa kwa vyuma chakavu. Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex? kwa bajeti ambayo harusi ya Nairobi hutumia kwa maua. DVD ziliuzwa na waigizaji wenyewe nyumba kwa nyumba.

Tangazo la filamu hiyo likapanda YouTube, na magiki wa dunia, wale wapenzi wa filamu za ajabu na athari za kompyuta zilizotengenezwa kwa mkono, wakaliona. Mmoja, Alan Hofmanis wa New York, akahamia Uganda kusaidia. Mwaka 2015 wakaomba mchango kupitia Kickstarter kwa filamu nyingine. Waliomba dola 160. Walipata zaidi ya dola 13,000.

Kitu kinachonigusa zaidi: nakala ya asili ya Captain Alex ilipotea. Ile inayoangaliwa duniani leo ina sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania na kushangilia kama mtu aliye benchi la mbele. Yaani dunia ilipenda filamu pamoja na kibanda chake. Kile ambacho sisi tulikionea aibu, mtu kupiga domo juu ya picha, ndicho kilichouzika.

MAPENDEKEZO

Basi haya ndiyo niliyomwandikia Mzee kwenye karatasi. Nayaweka hapa ili mtu wa Dandora au Huruma akitaka ayaibe. (Utaje jina tu.)

1. Seva ya mtaa. Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya kutoshea kiganjani iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Unganisha diski ya terabaiti moja na rauta. Kwa filamu za megabaiti 700 unapata nafasi ya filamu kama 1,400. Weka Jellyfin, programu huria ya kupanga na kuonyesha filamu. Mtu akikaa benchini au ukutani nje anaunganisha simu kwa waifai ya kibanda na kuangalia bila kutumia bando. Intaneti haihitajiki kwa filamu yenyewe. Inahitajika kidogo tu kuthibitisha malipo.

2. Malipo ya papo hapo. M-Pesa iko tangu 2007, na tangu 2017 Safaricom wana Daraja, mlango wa waandika programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Mtu akilipa shilingi 20, mfumo unajua ni ya filamu gani. Hapa ndipo lile somo la OnlyFans linaingia: pesa ya mtazamaji ifike kwa mwenye kazi bila kupita mikono kumi.

3. Hesabu ya wazi. Kila ikiangaliwa, iandikwe. Mwenye filamu aweze kuona kwenye simu yake: leo Kayole watu 12. Hii ndiyo kazi tunayoijua kuliko wote. Sisi ni watu wa kumbukumbu. Tunaandika hata kosa lililotokea saa tisa usiku kwenye seva isiyotumiwa na mtu. Tutashindwaje kuhesabu filamu?

4. Maneno chini ya picha. Wapenzi wa katuni za Kijapani walitafsiri wenyewe kwa miaka mingi bila kulipwa. Faili la maneno, lile la SRT, ni maandishi matupu: namba, saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha maneno. Unaweza kuliandika kwa Notepad. Filamu ya Kikuyu ya River Road ikipata maneno ya Kiswahili, inaangaliwa na mtu wa Kisumu na wa Kwale. Hapa vijana wa Buruburu wanaovaa mavazi ya mashujaa wa katuni, wale tunaowacheka kwenye matatu namba 58, wana ujuzi tunaouhitaji.

5. Usiku wa domo. Filamu hunakiliwa. Mtu aliyesimama mbele akiizungumza kwa wakati huo, akimtania muuza mkaa aliyekaa nyuma, hanakiliwi. Huo ndio usiku wa watu wazima: saa tatu, kitambulisho mlangoni, kiingilio hamsini.

Na tafadhali, msiruke sheria. Filamu za kuonyeshwa hadharani lazima zipitie KFCB, ile bodi inayoziweka alama ya GE, PG, 16 au 18, na idhini ya mwenye filamu ni lazima. Magiki wengi tunapenda kujenga kwanza na kuuliza baadaye. Kibanda kikivamiwa, hatubebwi sisi. Anabebwa Mzee.

JARIBIO

Nilimtafuta yule mtu wa mfuko wa karatasi. Haikuwa vigumu, River Road kila mtu anamjua mwenzake. Siku hizi anapiga picha za harusi na ruracio. Nilijitambulisha. Nikamwambia, "Mzee, mimi ndiye kijana wa fotokopi ya zambarau." Akakumbuka! Akaniangalia muda mrefu, kisha akauliza kama nimekuja kumlipa.

Nilimwambia siwezi kulipa ya zamani kwa sababu sijui ni ngapi. Lakini naweza kuhesabu kuanzia sasa. Akanipa filamu moja yenye alama ya bodi tayari, na akaandika barua ya ruhusa kwa mkono, kwa usiku mmoja. Leseni ya kibanda Mzee alikuwa ameilipia, kwa ajili ya mpira.

Ikafika Ijumaa. Nilikuwa nimekesha siku tatu nikiandika programu. Na kama kawaida ya programu siku ya maonyesho, ilikataa. Rauta ilikwama watu kumi na watano walipojiunga. Lile ombi la malipo likawa linafika kwenye simu za wengine na kwa wengine halifiki, na foleni ikafika kwa mama wa chapati. Mzee alinitazama nikitokwa jasho, akaingia dukani, akatoka na daftari la shule la kurasa 96 na kalamu. Akapiga mistari: namba, jina, pesa.

Watu 34. Shilingi 50 kila mmoja. Jumla 1,700.

Mfumo wangu wa kwanza wa hesabu ya wazi ukawa daftari. Msinicheke.

Domo lilipigwa na kijana mmoja makanga, sauti yake ilishakomaa kwa kuita abiria. Sijui kama nimewahi kuona watu wazima wakicheka vile. Kuna fundi wa kuchomelea aliyeketi mbele yangu ambaye alianza kulia kwa kucheka, akajifuta na ovaroli. Wengi wao nyumbani wana simu yenye filamu za dunia nzima. Bado walikuja, wakabanana kwenye benchi ngumu. Nikaelewa kwamba bei haikuwahi kuwa tatizo letu kubwa. Tulipeleka filamu nyumbani kwa kila mtu, kila mtu akabaki nayo peke yake, na tukaita hayo maendeleo.

Filamu ilipoisha, Mzee alifunga hesabu. Nusu kwa mwenye filamu, nusu kwa kibanda: 850 kwa 850. Nilimtumia mwenye filamu kwa M-Pesa palepale, naye akiwa amesimama karibu na mlango. Simu yake ikalia. Akasoma. Kisha akaomba kuona daftari, akapitisha kidole kwenye majina moja baada ya jingine hadi 34.

"Nimetoa filamu tisa," akasema. "Hii ndiyo mara ya kwanza nimejua walioangalia."

NIMEBAKI WAPI

Sasa nisiwadanganye. Shilingi 850 haiokoi sekta. Hailipi hata kodi ya wiki ya kibanda. Mtu wa kamari bado anakuja na bahasha yake ya miezi sita, na nikipiga hesabu, usiku kama ule tunauhitaji mara tatu kwa wiki, kibanda kimejaa, ndipo Mzee aweze kumkataa bila kulala njaa. Tumefanya mara nne. Mara mbili kilijaa. Mara moja mvua ilinyesha tukawa watu tisa, pamoja na mimi na mke wangu. Mara moja stima zilipotea tukarudisha pesa zote, kwa kufuata daftari.

Na deni la zamani halijalipika. Nilidhani nikifanya wema huu nitajisikia nimesamehewa. Sijisikii. Yule mtu alipiga filamu tisa halafu akaacha, na kati ya sababu zake mojawapo ni kijana mwenye diski kwenye begi. Hakuna programu ya kurudisha filamu ya kumi ambayo haikupigwa.

Lakini nimejifunza kitu ambacho ningependa magiki wenzangu wa Eastlands wakifikirie. Tunakaa tukiota kujenga kitu cha kushindana na Netflix. Hatuwezi, na haina haja. Karibu na kila mmoja wetu kuna biashara ndogo ya burudani inayokufa kwa sababu hakuna anayehesabu, hakuna anayeandika maneno chini ya picha, hakuna anayejua namna ya kumfikishia msanii shilingi ishirini yake. Hayo yote ni mambo tunayoyafanya usiku bure, kwa watu wa mbali tusiowajua, kwa sababu tunayapenda.

Rauta nimebadilisha. Lile kosa la malipo nimelipata: nilikuwa nasubiri jibu sekunde tano tu, wakati mtandao wetu wa Kayole saa tatu usiku unahitaji thelathini. Aibu yangu. Msimbo nitauweka wazi nikishausafisha, kwa GPL, na jina la Mzee litakuwa juu ya langu kama atakubali.

Nilimuuliza juzi kama nije nichukue zile mashine. Alikuwa anapiga mistari kwenye ukurasa mpya wa daftari.

"Ziache kwanza," akasema.

Kama unaishi karibu na una muda Ijumaa, karibu. Njoo na kitambulisho na shilingi hamsini, na ukiweza, njoo na sauti. Yule makanga amepata kazi ya gari la Mombasa na tunatafuta mtu wa domo.